Ukurasa Mchafu wa Kitabu cha Logi

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, nanyi vijana mnaokalia madawati yetu leo, bila shaka wengi wetu tunakikumbuka kile kitabu chembamba cha majedwali ya hesabu. Darasani kwetu hapakuwa na kikokotoo. Kuzidisha 3.476 kwa 18.92 ilikuwa ni safari: utafute logi ya namba ya kwanza, uandike, utafute ya pili, ujumlishe, kisha ufungue jedwali jingine ili upate jibu. Mwisho wa mwaka vitabu vilirudishwa stoo na mwalimu akavikagua kimoja kimoja. Mwaka mmoja alinitoza shilingi mbili kwa sababu mistari ya juu, ile ya kuanzia 10 hadi 20, ilikuwa imeingia weusi wa vidole hata haisomeki vizuri, ilhali mistari ya 80 na 90 ilikuwa safi kama imetoka dukani. Nilijitetea kwamba vitabu vya wenzangu wote viko hivyo hivyo. Akajibu kwamba huo ni ushahidi kuwa darasa zima ni wachafu.

Baadaye sana nilikuja kujua kwamba uchafu ule una historia yake.

Simon Newcomb alizaliwa Nova Scotia, Kanada, mwaka 1835, akafanya kazi Marekani kama mtaalamu wa elimu ya nyota. Kazi yake kubwa ilikuwa kukokotoa mienendo ya mwezi na sayari, kwa hiyo vitabu vya logi havikumtoka mkononi. Aliona kwamba kurasa za mwanzo huchakaa upesi kuliko za mwisho. Maelfu ya watu walikwisha kuliona jambo hilo, nasi pia tuliliona, ila yeye alijiuliza sababu. Kitabu cha logi si hadithi ambayo msomaji huichoka katikati. Kila mtu hufungua pale namba yake ilipo. Basi kama ukurasa wa kwanza umechoka zaidi, ni kwa kuwa namba zinazoanza na 1 ni nyingi zaidi duniani. Mwaka 1881 alichapisha makala ya kurasa mbili tu akieleza hivyo. Sisi tungedhani kila tarakimu kuanzia 1 hadi 9 itapata fungu sawa, kama asilimia 11. Yeye alisema 1 hupata asilimia 30.1, 2 hupata 17.6, 3 hupata 12.5, na hivyo kushuka hadi 9, ambayo huambulia 4.6.

Kwa nini iwe hivyo? Chukua shilingi 100 zinazokua kwa asilimia 10 kila mwaka. Ili zifike 200 utangoja zaidi ya miaka saba, na muda wote huo kiasi chako kinaanza na 1. Lakini zikishafika 900, mwaka mmoja na kidogo tu unatosha kufika 1,000, na ile 1 imerudi mbele. Vijana mnaweza kujaribu wenyewe: andikeni 2, 4, 8, 16, mkiendelea kuzidisha kwa mbili hadi mpate namba 100. Zinazoanza na 1 zitakuwa 30 kamili. (Wa kidato cha kwanza wanaweza kuishia namba ya kumi, watakuta tatu.)

Makala ya Newcomb ilisahaulika. Ilipita miaka 57, hadi 1938, ndipo Frank Benford, mwanafizikia wa kampuni ya General Electric huko Marekani, akaona uchafu ule ule katika vitabu vyake bila kujua kwamba kuna aliyemtangulia. Huyu alihesabu kwa mkono: maeneo ya mito, idadi ya watu wa miji, uzito wa atomu, hata namba za nyumba za watu, jumla namba 20,229. Zilizoanza na 1 zilikuwa asilimia 30.6. Tangu hapo kanuni inaitwa ya Benford. Mimi naona Newcomb alidhulumiwa, ingawa jasho la Benford nalo si dogo.

Jasho hilo lenyewe lina doa. Mwaka 1979 wanatakwimu Persi Diaconis na David Freedman walizichunguza asilimia alizochapisha Benford, wakaonyesha dalili kwamba alipozikadiria alizisukuma kidogo ziifuate kanuni yake. Kanuni ilikuwa ya kweli hata bila msaada huo.

Doa hilo linachekesha zaidi ukijua kanuni hii inafanya kazi gani sasa. Tangu miaka ya 1990, hasa kwa juhudi za mhasibu Mark Nigrini, wakaguzi wa hesabu huitumia kutafuta namba za kubuni. Mfano unaotajwa sana ni wa afisa mmoja wa hazina ya jimbo la Arizona, mwaka 1993, aliyeandika hundi 23 za karibu dola milioni mbili. Alikuwa akijizuia zisifike dola 100,000, hivyo zaidi ya asilimia 90 ya hundi hizo zilianza na 7, 8 au 9.

Lakini msikimbilie kumshika mtunza hazina wa chama chetu. Kanuni hufaa kwa namba zinazotawanyika kutoka makumi hadi maelfu na malaki. Urefu wa wanafunzi kwa sentimeta karibu wote huanza na 1, na alama za mtihani haziifuati. Ada yetu ya shilingi ile ile kwa kila mwanachama haiwezi kuifuata kabisa. Hesabu zinazokataa kanuni zinastahili kuulizwa maswali, na mara nyingi jibu huwa la kawaida tu.

Kuhusu zile shilingi mbili, stakabadhi sikupewa. Nitazidai siku ya mkutano, na riba yake ya asilimia 10 kwa mwaka.