Sauti ya Nuru

Sauti ya nuru ni sauti iliyohifadhiwa kwenye mkanda wa filamu kwa njia ya mwanga. Kireno, lugha ya shule na ofisi huko Mbau, mkoani Cabo Delgado, Msumbiji, huiita *som óptico*. Ukifasiri neno kwa neno utapata "sauti ya macho", na hapo msomaji atapotea, kwani jicho halina kazi yoyote katika mtambo huu. Anayefanya kazi ni nuru.

Maikrofoni huigeuza sauti kuwa umeme. Umeme huchezesha mwanga, na mwanga huchora ukingoni mwa filamu mstari mwembamba unaopanuka na kusinyaa. Kwenye projekta, taa ndogo humulika mstari huo; mwanga unaopenya hugeuzwa tena kuwa umeme, na spika ikatoa sauti. Mawimbi yakisongamana, sauti ni nyembamba. Yakiachana, ni nzito. Katika filamu ya milimita 16, sauti hutangulia picha yake kwa fremu 26, zaidi kidogo ya sekunde moja. Sababu ni kwamba picha husimama kidogo mbele ya lenzi kila mara, ilhali sauti huhitaji mkanda unaokwenda bila kusita.

Mwaka 1979 mwongozaji Ruy Guerra alitoa *Mueda, Memória e Massacre*, filamu kuhusu mauaji ya tarehe 16 Juni 1960 huko Mueda, juu ya uwanda ulio magharibi ya Mbau. Wenyeji waliigiza tukio hilo hadharani, na mashuhuda wakasimulia mbele ya kamera. Katika nakala za ukumbini za zama hizo, kwa kawaida ushahidi wa namna hiyo ulisafiri kama mstari wa weusi na weupe kando ya uso wa msemaji.

Nchini Kanada, mtengeneza filamu Norman McLaren ni kana kwamba aliuliza: kama sauti ni mchoro, kwa nini msanii asiichore? Katika *Synchromy* ya mwaka 1971 aliunda muziki kwa michoro ya mistari, kisha akaihamishia mistari ileile kwenye skrini na kuitia rangi. Mtazamaji huona kile hasa anachokisikia.

Kwa hiyo tuseme sauti ya nuru, na ile ya kanda za kaseti tuiite sauti ya sumaku. Kijana wa Mbau akijifunza istilahi hizi mbili, atajua kinachobeba sauti, na atajua pia mahali pa kuanzia majaribio yake mwenyewe.