Tathmini ya mradi sio kuhesabu semina

Wadau, miradi mingapi imepita kwenye kata zetu? Inazinduliwa kwa ngoma na fulana, baada ya miaka mitatu inaisha, halafu inaandikwa ripoti: semina zimefanyika, vitabu vimegawiwa, pesa imetumika yote. Sawa. Lakini kuna kitu kimebadilika?

Hapa lazima tutenganishe maneno mawili ambayo watu wanayachanganya. Ufuatiliaji unauliza kama kazi iliyopangwa imefanyika. Tathmini inauliza kama kazi hiyo imeleta mabadiliko, na kama mabadiliko hayo yasingekuja yenyewe hata bila mradi.

Nani aongoze tathmini? Mtafiti wa nje anajua vipimo, ila mazingira ya shule zetu hayajui vizuri. Mtu wa mradi anayajua mazingira, ila anataka mradi wake uonekane mzuri. Anayefaa zaidi ni yule mwenye vyote viwili: amesomea utafiti na yumo kazini kila siku. Tatizo lake ni moja, ugali wake unatoka kwenye mradi huohuo anaoupima. Kwa hiyo lazima ajifunge mikono mapema, kabla matokeo hayajajulikana.

Mfano mzuri upo hapahapa Bongo. Mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza liliendesha KiuFunza kwenye shule za msingi 350 za serikali, darasa la kwanza hadi la tatu. Shule ziligawanywa kwa bahati nasibu:

- Shule 70 zilipata ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka.
- Shule 70 zilipata motisha: mwalimu analipwa shilingi 5,000 kwa kila mwanafunzi anayefaulu mtihani wa somo lake, yaani Kiswahili, Kiingereza au Hesabu.
- Shule 70 zilipata vyote viwili.
- Shule 140 hazikupata kitu, zikawa za kulinganishia.

Wengine watauliza, si uonevu huo kuwanyima wengine? Pesa ikiwa haitoshi shule zote, bahati nasibu ina haki kuliko kupeleka kwa mwenye kujuana na wakubwa. Tena inasaidia kujua ukweli, maana makundi yanaanza yakiwa yanafanana.

Jambo lingine walilofanya ni kuwa na vipimo viwili. Mbali na mtihani wa kuamua malipo ya walimu, watafiti walikuwa na mtihani wao usiohusiana na mshiko wowote. Ukipima kwa mtihani wa malipo peke yake, huwezi kujua kama mtoto ameelewa au amekaririshwa.

Matokeo baada ya miaka miwili? Ruzuku peke yake haikupandisha alama za watoto. Motisha peke yake, matokeo yalikuwa ya mchanganyiko, hayakueleweka moja kwa moja. Kwenye shule zilizopata vyote viwili, alama zilipanda, na zilipanda kuliko ukijumlisha faida ya ruzuku na ya motisha kila moja peke yake.

Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2019 kwenye jarida la The Quarterly Journal of Economics. Kati ya waandishi wake sita wamo wasomi wa vyuo vikuu pamoja na watu waliokuwa ndani ya Twaweza yenyewe, akiwemo Rakesh Rajani aliyeianzisha. Yaani waliopanga mradi waliweka jina lao kwenye karatasi inayosema sehemu ya mradi haikufanya kazi.

Kwa hiyo mdau, ukipewa kuongoza tathmini:

1. Andika swali na kipimo kabla pesa haijatoka.
2. Pima hali ya mwanzo. Bila hiyo utabaki kukisia.
3. Tafuta kundi la kulinganisha.
4. Asiyelipwa na matokeo ndiye asimamie kipimo.
5. Kaa na walimu na wazazi wakueleze sababu. Namba zinasema nini kimetokea, wao wanajua kwa nini.
6. Kubalianeni na mfadhili kwa maandishi kwamba ripoti itatoka hata ikiwa chungu.

Hiyo ya sita ndiyo ngumu kuliko zote. Ripoti ikifichwa, mradi ulioshindwa unahamishiwa wilaya nyingine, na watoto wa huko nao wanapoteza miaka.

Je, mradi uliopita kwenu ulipimwa vipi, na wananchi mlionyeshwa matokeo? Karibuni tuchangie.