Kidonda Kisichofunga: Habari za Usaha wa Mifupa

Katika vijiji vyetu wako watu wanaojulikana kwa vidonda vyao. Mmoja ana tundu dogo juu ya muundi tangu utoto wake. Tundu hilo hufunga mwezi mmoja au miwili. Kisha mguu huvimba, huuma usiku kucha, ngozi hupasuka, na usaha hutoka. Pengine pamoja na usaha hutoka kipande cha mfupa kama kibanzi cha ukuni. Majani yamepakwa, unga wa dawa umenyunyizwa, vitambaa vimefungwa na kufunguliwa, wala kidonda hakiponi. Mwisho watu husema, "Huyu amerogwa," naye mwenye kidonda hujitenga na wenzake kwa ajili ya harufu. Sisi tulio walimu twawajua watoto wa namna hii. Ndio wanaoketi nyuma, karibu na dirisha, na siku moja hawaji tena.

Basi twataka kuwaeleza wasomaji wetu jinsi wanadamu walivyoijua sababu ya kidonda hiki. Elimu hiyo haikupatikana kwa siku moja, nayo iligharimu miguu mingi na watu wengi.

Yafaa kwanza tujue mfupa ni kitu gani. Wengi hudhani kuwa ni kama mti mkavu uliotiwa mwilini ili kuushikilia. Sivyo. Mfupa ni kitu kilicho hai. Una damu, hukua, hujiunga tena ukivunjika, na katikati yake mna uboho. Kijidudu kikiingia katika damu, labda kwa njia ya jipu au mchubuko wa ngozi, chaweza kuchukuliwa mpaka mfupani. Kwa watoto hukaa hasa karibu na kiungo, pale mfupa unapokua. Hapo usaha hufanyika. Nyama ikiingia usaha huweza kuvimba na kupata nafasi, lakini mfupa ni mgumu, hauna nafasi. Usaha huibana mishipa midogo ya damu, kisha hupenya mpaka chini ya ngozi nyembamba inayoufunika mfupa, ukaibandua. Ndipo sehemu ya mfupa hukosa damu, ikafa.

Mwili haukubali kushindwa. Hujenga mfupa mpya kuuzunguka ule uliokufa, nao mfupa mfu hubaki ndani kama mfungwa katika boma. Vijidudu hukaa juu yake, na usaha wao hutafuta njia ya kutoka. Kwa hiyo lile tundu la nje ni mlango tu. Mtu apakaye dawa mlangoni hajamfikia aliyemo ndani.

Ugonjwa huu si mpya. Mifupa ya watu wa kale iliyofukuliwa makaburini katika nchi mbalimbali huonyesha alama zake. Lakini kwa muda mrefu waganga mara nyingi waliumaliza kwa kuukata mguu.

Mjini London, katika hospitali ya St George's, alikuwako daktari mpasuaji jina lake Benjamin Brodie. Alijiwa na kijana aliyeteswa kwa miaka mingi na maumivu ya muundi, karibu na kifundo. Mguu ulikuwa umevimba, lakini hapakuwa na tundu wala usaha ulioonekana. Dawa zote ziliposhindwa, mguu ukakatwa; na siku zile hapakuwa na dawa ya usingizi. Kisha Brodie akaupasua ule mfupa uliokatwa, akaona ndani yake chumba kidogo kimejaa usaha. Kijana akafa siku chache baadaye. Brodie akatambua ya kuwa laiti mfupa ungalitobolewa kwa keekee, usaha ungalitoka, na huenda mguu na uhai vingalisalia vyote viwili. Baadaye alijiwa na mgonjwa mwingine mwenye dalili kama zile. Safari hii akatoboa, usaha ukatoka, mgonjwa akapona. Mwaka 1832 aliandika habari za wagonjwa hao, wala hakumficha yule wa kwanza. Hata leo jipu la namna ile lililojificha mfupani huitwa kwa jina la Brodie. Sisi twaona kwamba heshima hiyo yamstahili, maana si watu wengi wanaokubali kuyaandika makosa yao ili wengine wajifunze.

Miaka 30 baadaye somo lilo hilo lilionekana mbele ya Ulaya nzima. Tarehe 29 Agosti, 1862, huko Aspromonte, kusini mwa Italia, jemadari Garibaldi alipigwa risasi katika kifundo cha mguu wa kulia. Wiki zikapita, kidonda hakikufunga. Madaktari wengi walikuja kumtazama, wakabishana: wengine walisema risasi imo, wengine walisema haimo. Akaja daktari Mfaransa, Auguste Nélaton, ambaye husemwa kuwa ndiye aliyeupa usaha wa mifupa jina lake la kitabibu, osteomielitisi, mwaka 1844. Yeye alishikilia ya kuwa risasi imo. Akabuni kijiti chembamba chenye kitone cha kauri nyeupe mwishoni, kauri isiyong'arishwa. Kijiti kikigusa mfupa, kauri hubaki nyeupe. Kikigusa risasi, hutoka na alama nyeusi. Kikaingizwa kidondani, kikatoka na alama. Mwezi wa Novemba daktari Zannetti akaitoa risasi mjini Pisa. Mguu haukukatwa, na Garibaldi aliishi mpaka mwaka 1882.

Mfupa mfu ni kama risasi ile. Umo mwilini, lakini si wa mwili tena, na kidonda hakifungi maadamu umo. Basi kazi ya kwanza ya mganga ni kuuliza: Ndani mna nini?

Swali la pili ni hili: Usaha wenyewe watoka wapi? Zamani, mfupa ukivunjika na kuchomoza nje ya ngozi, watu waliogopa sana, kwa kuwa kidonda kilioza mara nyingi, na mgonjwa akapoteza mguu au maisha. Daktari Joseph Lister, mjini Glasgow, alikuwa amesoma maandiko ya Louis Pasteur juu ya viumbe vidogo sana vinavyoleta uozo. Tarehe 12 Agosti, 1865, aliletewa mtoto wa miaka 11, jina lake James Greenlees, aliyekanyagwa mguuni na gurudumu la gari. Mfupa wa muundi ulivunjika na ngozi ikapasuka. Lister akakifunika kidonda kwa kitambaa kilicholoweshwa asidi ya kaboliki, dawa iuayo vijidudu. Kidonda hakikuoza. Baada ya wiki 6 mifupa ilikuwa imeunga, na mtoto akabaki na miguu yake miwili.

Mwaka 1880 Pasteur mwenyewe alichunguza usaha uliotolewa katika mfupa wa mgonjwa huko Paris. Akaona kijidudu kile kile alichokuwa amekiona katika majipu ya ngozi. Akasema ugonjwa huu ni jipu la uboho. Siku zile zile daktari Alexander Ogston, mjini Aberdeen, alikuwa akichunguza vijidudu hivyo vilivyoshikamana kama kichala cha zabibu, akaviita stafilokokasi. Hivyo ndivyo ilivyojulikana kwamba mtoto aliyepatwa na usaha wa mfupa hakurogwa. Kijidudu kilichomwumiza ni ndugu wa kile kinachotoa jipu shingoni.

Tarehe 8 Novemba, 1895, Wilhelm Röntgen huko Ujerumani aligundua mionzi tuiitayo eksirei, na madaktari wakaanza kuuona mfupa bila kuukata mtu. Hata hivyo yafaa tukumbuke jambo moja. Ugonjwa ukiwa mchanga, picha yaweza kuonekana safi kwa siku 10 hadi 14, hali mfupa unaumwa. Kwa hiyo daktari mwenye busara haiamini picha peke yake. Humtazama mtoto, humgusa mfupa, huuliza habari za homa, tena hupima damu.

Vita ya mwaka 1914 hadi 1918 ilileta vidonda vya mifupa kwa maelfu, nayo ilifundisha mambo ya ajabu. Mwaka 1917, huko Ufaransa, daktari Mmarekani William Baer aliletewa askari wawili waliovunjika mifupa ya mapaja na kulala uwanjani siku 7 bila matunzo. Alidhani watakuwa mahututi, lakini hawakuwa na homa. Alipofungua nguo zao aliona vidonda vimejaa funza wa nzi. Na alipowaosha funza, akaona nyama nyekundu safi. Funza walikuwa wamekula nyama iliyokufa na kuiacha iliyo hai. Baada ya vita, mjini Baltimore, Baer aliwatibu kwa funza watoto wenye usaha wa mifupa wa siku nyingi, na wengi wakapona. Lakini wengine walipatwa na pepopunda, ndipo akaona lazima funza wazalishwe katika usafi kamili. Wasomaji wetu wasidhani basi kwamba ni vema kuwaachia nzi wa chooni watue kidondani! Nzi hao huleta mauti.

Mmarekani mwingine, Winnett Orr, aliona kuwa askari waliosafirishwa mbali miguu yao imefungwa katika plasta, bila vidonda kufunguliwa kila siku, walifika wakiwa na hali njema kuliko ilivyotazamiwa. Naye akawatibu wagonjwa wa mifupa vivyo hivyo: akatoa kilichokufa, akaacha kidonda wazi kwa ndani, akaupumzisha mguu wote katika plasta kwa wiki nyingi. Harufu ilikuwa mbaya sana, lakini mfupa ulipata raha yake.

Kisha ikaja penisilini. Alexander Fleming aliigundua mwaka 1928. Florey na Chain na wenzao wa Oxford waliifanya kuwa dawa, na mwaka 1941 wakaanza kuwapa wagonjwa. Watoto wenye homa kali ya mfupa, ambao zamani walikufa, sasa waliponywa kwa sindano. Watu wakafikiri kuwa kisu cha daktari kimepata kustaafu. Haikuwa hivyo. Vijidudu vingine vilijifunza kuishinda penisilini baada ya miaka michache tu, hata dawa nyingine zikatafutwa. Tena wale wenye vidonda vya miaka mingi walipewa dawa, tundu likafunga, kisha likafunguka tena.

Sababu yake twaijua tayari. Dawa huchukuliwa na damu, na mfupa mfu hauna damu. Zaidi ya hayo, vijidudu vilivyokaa juu ya mfupa mfu hujifunika kwa utando mlaini, vikalala humo miaka mingi, dawa isivifikie. Wako watu walioumwa utotoni ambao kidonda kiliamka tena uzeeni. Kwa hiyo mpaka leo matibabu ya ugonjwa wa siku nyingi huanza kwa kuondoa kilichokufa, mpaka daktari auone mfupa unaotoa damu. Vipande vya mfupa wa ndani hupelekwa maabara ili kijidudu chenyewe kijulikane, maana usaha wa mlangoni mara nyingi huonyesha vijidudu vya ngozi visivyo na hatia. Pengine huonekana ni kifua kikuu kilichoingia mfupani. Na kwa watoto wenye selimundu, ambao wengi huuita sikoseli, kijidudu cha salmonela huonekana mara nyingi. Kila kimoja kina dawa yake.

Baada ya hapo dawa hutumiwa kwa wiki nyingi, mara nyingi 6 au zaidi. Zamani walidhani lazima iwe sindano. Lakini uchunguzi uliofanywa Uingereza kwa wagonjwa zaidi ya 1,000, na kutangazwa mwaka 2019, ulionyesha kuwa vidonge vilivyochaguliwa vizuri havikushindwa na sindano. Pengo likiwa kubwa, iko njia ya Gavriil Ilizarov wa Kurgan, Siberia, aliyebuni katika miaka ya 1950 vyuma vya duara vinavyoushika mguu kwa nje na kuuvuta mfupa mpya ukue, kama milimita 1 kwa siku. Kazi hii yataka subira. Hata mtoto, daktari aweza kumngojesha kwanza, mfupa mpya upate nguvu, ndipo autoe ule mfu. Akiutoa mapema mno, mguu hauna wa kuushikilia.

Na asiyetibiwa je? Mfupa uliodhoofika huvunjika kwa jambo dogo. Usaha huingia katika kiungo, kikakauka kisikunjike. Mtoto hubaki na mguu mmoja mfupi. Na baada ya miaka mingi, kidonda kilichozoewa chaweza kugeuka saratani. Hii ni saratani ya makovu na vidonda vya zamani, ambayo huitwa kwa jina la Marjolin, daktari wa Paris aliyeandika juu ya vidonda vya namna hiyo mwaka 1828. Kidonda cha zamani kikianza kuota nyama, kutoa damu au kunuka kuliko desturi, kisingojwe.

Wazee walisema, "Mficha maradhi, kifo humfichua." Mtoto akishikwa na homa, akakataa kuukanyagia mguu, akalia ukimgusa mahali pamoja karibu na kiungo, asikandwe wala asichanjwe chale. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, maana siku zile za kwanza dawa peke yake mara nyingi hutosha, kwa kuwa mfupa bado una damu. Na yule ambaye siku hizo zilimpita, mwenye tundu la miaka mingi, naye asikate tamaa wala tusimwache peke yake karibu na dirisha. Tumwambie ya kuwa kidonda chake kina sababu, na kwamba wako wanaojua kuitafuta.