Ile Harufu ya Gesi Ilitoka Wapi

Mwaka jana niliziba paipu ya gesi kwa blada ya baiskeli. Najua. Usinitukane bado, kwanza sikia hesabu yenyewe.

Naishi kwa bedsita, ghorofa ya tatu, kwenye ploti ambayo maji huja Jumanne na Ijumaa. Chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipokataa kuonekana, na tangu hapo naishi kwa kuandika: leo maelezo ya viatu vya duka la mtandaoni, kesho hotuba ya harusi ya mtu nisiyemjua. Malipo huja yakitaka. Maisha kama hayo hukufanya fundi hata kama hukutaka. Paipu ya maji chini ya sinki ilipoanza kudondoka, fundi aliitisha elfu moja mia tano. Nilicheka, nikashuka kwa jamaa wa baiskeli, nikaomba kipande cha blada kuukuu. Ukiikata vipande virefu vyembamba, ukaivuta mpaka karibu ikatike, ukaizungusha kwenye paipu mara kumi na kufunga fundo, maji hayatoki. Kazi yangu ile imeshika mpaka leo.

Kwa hivyo paipu ya gesi ya jiko langu la mtumba ilipopasuka, nilidhani najua la kufanya. Paipu mpya na vibano vyake ilikuwa mia sita. Blada ilikuwa bure.

Nilipika ugali vizuri siku tatu. Usiku wa nne, mama anayeishi mlango wa pili alinigongea.

“Kijana wangu, hiyo ni gesi yako? Inanuka mpaka kwangu, na mtoto amelala.”

“Si mimi, mama. Mimi sisikii kitu.”

Na sikuwa namdanganya. Nilikuwa nimekaa mle ndani saa mbili nikiandika, taa nimezima ili tokeni ya stima isiishe, mwanga ni wa laptopu tu. Pua ilikuwa imeshazoea. Yule mama alinipita mlangoni, akafunga mtungi mwenyewe, akafungua dirisha. Mimi nikanyoosha mkono niwashe taa ili nione vizuri.

“Wacha swichi!” Alinishika mkono kwa nguvu. “Toka nje kwanza.”

Tulisimama kwenye korido gizani kama dakika ishirini, yeye na mtoto amembeba, mimi na aibu yangu. Hakunigombeza, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Asubuhi nikaanza kusoma, maana kusoma ndiyo kitu pekee nilichobaki nacho kutoka chuo. Nikagundua kwamba gesi tunayopikia, mchanganyiko wa propeni na buteni, haina harufu. Ile inayokufanya ukunje uso imewekwa makusudi. Kuna siku mtu aliamua iwekwe, na kabla ya siku hiyo watoto walikufa.

Turudi nyuma kidogo. Gesi ya kwanza kuuzwa kwa paipu mijini haikuhitaji kutiwa harufu. Mwaka 1812, Gas Light and Coke Company ilipewa idhini ya kuanza kazi London, na gesi yake ilitoka kwenye makaa ya mawe. Gesi hiyo ilikuwa na uchafu wa salfa na ilinuka yenyewe. Ilikuwa na sumu pia, lakini ikivuja, nyumba nzima ilijua. Mambo yalibadilika watu walipoanza kutumia gesi asilia inayotoka ardhini pamoja na mafuta. Hiyo yaweza kuwa safi kabisa, bila rangi wala harufu. Inaweza kujaza chumba ulichomo nawe unaendelea na habari zako.

Sasa twende mashariki mwa Texas. Mwaka 1930 kulipatikana mafuta mengi sana huko, wakati Marekani nzima imebanwa na mdororo wa uchumi. Kijiji cha New London kikajikuta kimekaa juu ya utajiri. Kodi ya mafuta ikawajengea shule iliyogharimu karibu dola milioni moja. Ramani ya kwanza ilikuwa na mtambo mmoja wa kuchemsha maji ili mvuke upashe jengo lote joto. Halmashauri ya shule ikaukataa, ikaweka vipasha joto vya gesi 72 vilivyotawanywa kila mahali. Jengo lenyewe lilisimama kwenye mteremko, kwa hivyo chini ya sakafu kulikuwa na uwazi mkubwa uliofungwa, hewa haipiti.

Mwanzoni mwa 1937 shule hiyo ikaamua kubana matumizi. Bili ya gesi ilikuwa takriban dola 300 kwa mwezi. Karibu na shule palipita paipu ya kampuni ya mafuta, imebeba gesi ya mabaki, ile ambayo visimani huchomwa tu kwa sababu haina soko. Shule ikakatiza mkataba wake, ikatuma mafundi wakatoboa paipu ile na kujiunganishia. Nyumba za watu na makanisa ya eneo lile yalifanya vivyo hivyo. Kampuni zilijua, zikajifanya hazioni.

Soma hapo tena. Sisi tunajua maneno ya kujiunganishia: stima ya kurusha waya, maji ya paipu nyembamba za plastiki zilizolala kwenye mitaro. Magazeti yakiandika mambo hayo huwa ni habari za Mukuru na Mathare, kana kwamba ni tabia ya maskini peke yao. New London ilikuwa kati ya shule tajiri zaidi za mashambani Marekani. Ilijiunganishia kwa sababu ileile yangu: kitu kilikuwa karibu, kilikuwa bure, na jana hakuna kilicholipuka.

Mahali fulani kwenye viungo, gesi ikaanza kuvuja. Gesi asilia ni nyepesi kuliko hewa, na kama ingepata njia ingepanda ikapotea. Lakini ilinaswa kwenye ule uwazi chini ya sakafu, ikajaa. Wanafunzi walikuwa wakilalamika kuumwa kichwa. Hakuna aliyeshuku, kwa kuwa hapakuwa na harufu ya kumshtua mtu.

Tarehe 18 Machi 1937, saa tisa na dakika chache alasiri, mwalimu wa ufundi aliwasha mashine ya umeme ya kupiga msasa mbao. Cheche ya swichi ikatosha. Walioshuhudia walisema paa lilinyanyuka, kisha likarudi chini na jengo likaporomoka. Bonge la saruji la tani mbili lilirushwa likaangukia gari lililoegeshwa nje. Wafanyakazi wa visima vya mafuta, wengi wao baba za watoto wale, walikuja na mitambo yao wakafukua usiku kucha kwenye mvua. Waliokufa walikaribia 300, wengi wao watoto. Madarasa ya wadogo kabisa yalikuwa yameshafunguliwa, la sivyo idadi ingekuwa kubwa zaidi.

Mwaka huohuo Texas ikapitisha sheria: gesi ya kuuzwa kwa watu lazima itiwe harufu. Ikapitisha nyingine ya kusajili wahandisi, ili si kila mtu ajiite mhandisi. Majimbo mengine yakafuata, halafu desturi hiyo ikaenea duniani mpaka ikafika kwenye mtungi wangu wa kilo sita.

Kemikali inayotumika sana kwenye gesi ya mitungi inaitwa ethili mekaptani. Ni ya salfa, jamaa ya harufu ya vitunguu vilivyooza, na pua ya binadamu huikamata hata ikiwa ni chembe chache katika mabilioni ya chembe za hewa. Gesi ya kupikia haiwezi kushika moto mpaka ifike karibu asilimia 2 ya hewa ya chumba, kwa hivyo harufu hukufikia mapema sana kabla ya hatari. Na si watu tu wanaoinusa. Huko Marekani kuna aina ya tai wanaotafuta mizoga kwa pua, na nyama inayooza hutoa kemikali hiyohiyo. Wafanyakazi wa kampuni moja ya California waligundua kwamba wakiona tai wale wanazunguka juu ya paipu yao, ndipo inapovuja.

Kumbe mimi nilikuwa nimepewa onyo la kiwango cha tai, nikakaa nalo saa mbili hadi pua ikachoka.

Kuna jambo lingine lililoninyima usingizi. Gesi ya mtungi si kama ile ya New London. Hii yetu ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini, inashuka, inatambaa sakafuni kama maji na kukaa kwenye pembe. Na mimi godoro langu liko chini. Sijanunua kitanda bado. Mle nilimokuwa nilale ndimo gesi ilikuwa inajikusanya.

Hapo ndipo nilipoona kosa langu la fundi wa blada. Maji yakivuja yanakuonyesha: sakafu inalowa, jirani wa chini anapiga kelele, unarudi kukaza. Ukikosea unapata nafasi ya pili, ya tatu. Gesi haina adabu hiyo. Halafu raba yenyewe, gesi hii huilegeza polepole, kwa hivyo kinachoshika leo si lazima kishike Alhamisi. Nilichukua ujuzi wa sinki nikaupeleka mahali usipohusika.

Sitaki kuifanya hadithi hii iwe ya mtu mmoja mzembe, ingawa nilikuwa mzembe. Usiku wa 1 Februari 2024 lori la gesi lililipuka pale Mradi, Embakasi, kwenye mahali pa kujazia mitungi katikati ya makazi ya watu. Watu walikufa na zaidi ya 270 wakajeruhiwa. Mamlaka ya nishati ilisema maombi ya leseni ya mahali pale yalikuwa yamekataliwa. Lakini kazi ilikuwa ikiendelea, na watu walikuwa wamelala pembeni yake. Harufu inaweza kukuamsha wewe ukafunge mtungi wako. Haiwezi kufunga kituo cha mtu mwingine.

Paipu mpya nilinunua wiki iliyofuata, kwa deni. Nilipoifunga nilichanganya sabuni ya unga na maji kwenye kikombe, nikapaka kwenye kila kiungo, kisha nikafungua mtungi. Povu likitoa mapovu yanayokua, pale panavuja. La kwangu lilitulia. Usijaribu kupima kwa kiberiti kama wazee wengine wanavyofanya. Na ukisikia harufu: funga mtungi, fungua mlango na madirisha, usiguse swichi yoyote, hata ya kuzima, toka nje. Jirani yangu alijua yote hayo bila kusoma habari za Texas.

Nilimpelekea unga pakiti mbili kama asante na pole. Nikamsimulia kisa cha shule ile, maana alitaka kujua nimekuwa nikisoma nini. Alisikiliza huku anachambua sukuma.

“Na waliounganisha hiyo paipu walifanywa nini?”

Nikamwambia mkuu wa shule, ambaye mwanawe naye alikufa mle, alilazimika kujiuzulu. Kesi za wazazi dhidi ya shule na kampuni zilitupwa. Hakuna aliyepatikana na hatia.

Alitikisa kichwa. “Kwa hivyo walichoacha ni hiyo harufu tu.”

“Ndiyo, mama.”

“Basi wewe ukiisikia tena, usingoje mimi nije nikugongee.”