Nani Amtahini Mtahini?

Swali la ubora wa kipimo ni kongwe kuliko mawakala wa akili bandia. Mwaka 1978, nchini Marekani, DeMillo, Lipton na Sayward walieleza njia ya kupima majaribio ya programu za kompyuta: programu hutiwa kasoro ndogo kwa makusudi, kisha huhesabiwa zilizogunduliwa. Jaribio lisilogundua kasoro halina thamani, hata kama programu hulipita daima.

Mwaka 2023 ukatolewa SWE-bench, mtihani wa matatizo 2,294 yaliyotokea kweli katika hazina 12 za programu. Akili bandia hurekebisha programu. Majaribio yaliyoandikwa na binadamu huamua. Lakini mwaka 2024 wahandisi walioupitia upya walikuta baadhi ya majaribio yakikataa majibu sahihi. Yakateuliwa matatizo 500.

Leo wakala hupewa maelekezo ya ustadi ili aandike majaribio mwenyewe. Hapo hatari huzidi, kwani mtunga programu aweza kutunga pia mtihani wa kumsifu. Kwa hiyo wingi wa majaribio yaliyofaulu si ushahidi wa ustadi. Kipimo cha 1978 kingali na nguvu: kati ya kasoro zilizotiwa na mwingine, amekamata ngapi?