Ngoma za Gishora na Mchezo wa Watoto

Malori yatokayo bandari ya Dar es Salaam kwenda Burundi huingia kupitia Kobero, kituo cha mpaka cha Muyinga kinachotazamana na Kabanga ya wilaya ya Ngara, na kwa kuwa Kiswahili ndiyo lugha ya biashara hapo, msafiri huweza kudhani kwamba yuko ukingoni kabisa mwa utamaduni wa Kirundi. Historia haikubaliani naye. Bugufi, nchi iliyo upande wa Ngara, ilikuwa sehemu ya ufalme wa Burundi mpaka Waingereza na Wabelgiji walipogawana ardhi za Wajerumani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na Kihangaza kisemwacho huko kinasikilizana na Kirundi. Ufalme huo haukujitambulisha kwa taji wala kwa kiti cha enzi, bali kwa ngoma.

Ngoma kuu iliitwa karyenda. Ilikuwa kitu kitakatifu kilichofichwa macho ya watu na kutolewa nyakati maalumu, hasa wakati wa umuganuro, yaani sherehe ya mtama ambayo kwayo mfalme alifungua msimu wa kupanda, na picha yake iliwekwa kwenye bendera ya taifa huru mwaka 1962. Ngoma nyingine zilihifadhiwa katika vituo vitakatifu vilivyotunzwa na koo maalumu. Kinachojulikana zaidi ni Gishora, kilima kilicho karibu na Gitega, ambacho mapokeo yanasema kilianzishwa na Mwezi Gisabo, mfalme aliyefariki mwaka 1908, baada ya kumshinda mtemi mwasi aliyeitwa Ntibirangwa. Huko zilitunzwa Ruciteme na Murimirwa, ngoma mbili ambazo majina yake yanahusu kufyeka na kulima, maana ngoma na shamba vilikwenda pamoja.

Ngoma yenyewe huchongwa katika gogo zima la umuvugangoma, mti ambao Watanzania huuita mringaringa, kisha huwambwa ngozi ya ng'ombe inayoshikiliwa na vigingi vya mti. Wapigaji, waitwao abatimbo, huingia uwanjani wakiwa wamejitwika ngoma vichwani juu ya ngata, huku wakizipiga bila kusimama, halafu hujipanga nusu duara. Ngoma ziitwazo amashakwe hushika mapigo yasiyobadilika, zile za ibishikizo hufuata mapigo ya kiongozi, na katikati huwekwa inkiranya, ambayo kila mpigaji huiendea kwa zamu yake, akaruka juu, akapitisha fimbo kuzunguka shingo, akachekesha, akatisha, kisha akarudi mahali pake. Ukitazama kwa makini, zamu hiyo ya inkiranya ina kila alama ya mchezo wa watoto: kupokezana, kushindana, kuigana na kujionyesha mbele ya wenzako.

Hakukuwa na darasa la kufundishia haya. Ujuzi ulitoka kwa baba kwenda kwa mwana, na mtoto alijifunza kwa kutazama na kuiga, kama ambavyo hadi leo watoto wengi huanzia kwenye madumu ya plastiki. Kwa hiyo Antime Baranshakaje, msanii wa Gishora aliyeongoza wapigaji wa kilima hicho kwa miaka mingi na kuendelea kucheza uzeeni, hakulazimika kuutafuta tena utoto alioupoteza, kwa sababu sanaa yake haikuwahi kumtaka auache.

Jambo hilo ndilo linaloeleza, kuliko sababu nyingine yoyote, jinsi ngoma zilivyonusurika. Mwaka 1966 ufalme ulifutwa, na mpangilio wa ibada ulioishi kwa amri ya mfalme ukakosa mwenyewe, lakini mchezo ulikuwa bado mikononi mwa watu. Sauti ya wapigaji iliyorekodiwa katika eneo la Gitega mwaka 1967 ilisafiri mbali, hata mwanamuziki wa Kanada Joni Mitchell akaitumia katika wimbo wake wa mwaka 1975. UNESCO iliiandikisha ngoma ya kifalme katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014.

Serikali iliitazama vingine. Amri ya rais ya Oktoba 2017 ilielekeza kwamba vikundi vijisajili, kwamba onyesho nje ya sherehe rasmi lilipiwe faranga 500,000, na kwamba wanawake wasipige ngoma, ingawa vikundi vya wanawake vilikwisha kuanza. Hoja ilikuwa kulinda mila, na ni kweli kwamba zamani upigaji ulikuwa kazi ya wanaume, lakini mila hiyo hiyo ilidumu kwa sababu mtoto aliruhusiwa kuigusa kabla hajajua maana yake, na ni vigumu kuona jinsi inavyolindwa kwa kuwazuia nusu ya watoto. Nchini Rwanda, ambako mwiko kama huo ulikuwepo, wanawake wa Butare waliunda kikundi cha Ingoma Nshya mwaka 2004, na wameendelea kupiga tangu hapo.