Kesi ya Askofu Colenso

John William Colenso (1814–1883) alikuwa mwanahisabati kabla ya kuwa askofu. Alizaliwa Cornwall, Uingereza, akashika nafasi ya pili katika mtihani mkuu wa hisabati wa Cambridge mwaka 1836, kisha akafundisha shule ya Harrow na kutunga vitabu vya hesabu vilivyotumika sana mashuleni. Mwaka 1853 aliwekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Natal, koloni lililopakana na ufalme wa Wazulu. Huko alijifunza Kizulu, akaandika sarufi na kamusi yake, na kujenga misheni ya Ekukhanyeni karibu na Pietermaritzburg.

Balaa lilianzia kwenye kazi ya kutafsiri. Colenso alikuwa akikitia kisa cha Gharika katika Kizulu, akisaidiwa na Mzulu aitwaye William Ngidi, naye Ngidi akauliza: ni kweli wanyama wote, wa nchi za joto na za baridi, waliingia safinani wawili wawili? Na Nuhu aliwakusanyia wote chakula, hata wale wala nyama? Askofu alikuwa amesoma jiolojia ya Charles Lyell. Alijua kuwa Auvergne, nchini Ufaransa, kuna vilima vya volkano vya kale mno, vyenye mawe mepesi ambayo maji ya kuifunika dunia nzima yangeyasomba. Dhamiri haikumruhusu kumwambia Ngidi asichokiamini mwenyewe.

Akaikagua Torati kama mhasibu anayekagua daftari la duka. Matokeo yalitoka katika kitabu cha sehemu saba, kati ya 1862 na 1879. Kitabu cha Hesabu kinataja wanaume 603,550 wa umri wa kwenda vitani, lakini wazaliwa wa kwanza wa kiume ni 22,273 tu. Colenso alikadiria kuwa, pamoja na watoto, wanaume wote walifika kama 900,000. Basi kila mama angekuwa amezaa wana zaidi ya 40. Kwa hoja za namna hiyo alihitimisha kwamba simulizi la Kutoka, kama lilivyoandikwa, haliwezi kuchukuliwa kuwa historia.

Hoja hizo zina nguvu, ila ni kavu. Matthew Arnold, mhakiki na mshairi, alilalamika mwaka 1863 kwamba kitabu hicho hakimjengi msomi wala asiye msomi. Wengine walimcheka askofu aliyekwenda kuwaongoa Wazulu akaishia kuongolewa na Mzulu. Dhihaka hiyo iligusa kiini cha jambo kuliko wacheshi wenyewe walivyofahamu, maana swali la Ngidi lilikuwa la mtu makini. Nchini Uholanzi, Abraham Kuenen, bingwa wa Agano la Kale, alizichukulia hesabu za Colenso kwa uzito na zikamfanya apime upya maoni yake kuhusu sehemu za kikuhani za Torati.

Mwaka 1863 Robert Gray, askofu wa Cape Town, alimhukumu Colenso kwa uzushi na kumvua cheo. Colenso alikata rufaa London, na mwaka 1865 Baraza la Faragha likaamua kuwa Gray hakuwa na mamlaka ya kisheria ya kumhukumu. Gray akamtenga na Kanisa mwaka uliofuata, na baadaye Natal ikawa na maaskofu wawili wanaopingana. Mtafaruku huo ulikuwa miongoni mwa sababu za kuitishwa kwa Mkutano wa kwanza wa Lambeth, wa maaskofu wa Kianglikana, mwaka 1867.

Walowezi wengi wa Natal walibaki upande wake muda wote huo. Mambo ya Torati hayakuwanyima usingizi. Kilichowageuza ni kesi ya Langalibalele, chifu wa Wahlubi aliyehukumiwa mwaka 1874 baada ya mgogoro wa kuandikisha bunduki. Colenso aliishutumu kesi hiyo hadharani, akaenda Uingereza kumtetea, na baadaye akamtetea mfalme wa Wazulu, Cetshwayo, pia. Wazulu walimwita Sobantu, baba wa watu. Wazungu waliokuwa wakijaza kanisa lake wakaanza kumkimbia.